Mboga za Kwenye Ndoo Zinapogoma: Soma Dalili Kabla ya Kununua Dawa

Nina uwanja wa hatua sita kwa nne nyuma ya nyumba, Dar es Salaam. Pale pana ndoo za lita 20, viroba vya sandarusi, karai mbili zilizotoboka na dumu la mafuta lililokatwa kwa ubavu. Ndiko inakotoka mboga ya nyumbani karibu kila siku: mchicha, matembele, spinachi, nyanya za kuungia, pilipili. Na kwa kuwa majirani wanaona, hodi nyingi zinazopigwa mlangoni kwangu ni za mboga inayoumwa. Mtu anakuja na jani mkononi, ananiuliza: "Hii nipulizie dawa gani?"

Jani moja halitoshi. Mboga ya kwenye chombo inaishi kwenye udongo wa kiasi cha debe, haina pa kukimbilia. Ikikosa maji, mzizi hauwezi kwenda kutafuta pengine kama ungekuwa shambani. Kwa hiyo shida nyingi za ndoo zinaanza na maji na udongo. Wadudu wanakuja baadaye, mmea ukiwa tayari umedhoofika, na sisi tunawaona wao kwanza kwa sababu wao ndio wanaotembea. Ukipuliza sumu umeua mdudu na kuacha tatizo, tena hiyo mboga huruhusiwi kuila mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite. Mchicha unaochumwa kila baada ya siku chache hauwezi kusubiri hivyo.

Utaratibu wangu ni huu: naangalia maji, nachimba kidole kwenye udongo, nafukua mzizi, nageuza jani. Dawa ni ya mwisho kabisa, na mara nyingi sifiki huko.

Kingo za majani zimeungua kama zimepitiwa na moto

Hii naianza kwa sababu ilinitesa miezi mingi. Majani yanakuwa ya kahawia kuanzia kwenye ncha na kingo, katikati bado ni ya kijani. Mbegu zinaota chache. Mmea haufi, ila haukui. Nilidhani ni kiu nikaongeza maji, hali ikawa mbaya zaidi. Nilidhani ni njaa nikaongeza samadi, ikawa vilevile.

Aliyenifungua macho ni mzee anayeuza miche kando ya barabara. Nilimwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Mwanangu, hayo maji umeyaonja?"

Sikuwa nimeyaonja. Ya kunywa tunanunua, ya kisima ni ya kufulia na kumwagilia. Nilipofika nyumbani nikayaonja: chumvi. Nikachemsha lita moja kwenye sufuria safi mpaka ikakauka, chini ukabaki ukoko mweupe. Nikafanya vilevile kwa maji ya mvua niliyokuwa nimekinga, sufuria ikabaki karibu safi. Hapo ndipo nikaanza kuona kilichokuwepo muda wote: mstari mweupe kwenye ukingo wa ndoo, na juu ya udongo unga mweupe kama jivu jepesi.

Ukanda wa pwani visima vingi viko hivi. Jinsi pampu zinavyovuta maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kutoka chini, ndivyo maji ya bahari yanavyosogea kuelekea bara. Ukimwagilia maji hayo, mmea unakunywa sehemu, jua linakausha sehemu, chumvi inabaki. Kesho unaongeza nyingine. Baada ya miezi miwili udongo wa ndoo una chumvi kuliko maji ya kisima chenyewe, na mzizi unashindwa kuvuta maji ingawa yapo. Ndiyo maana mmea unaonekana una kiu wakati udongo umelowa.

Kosa linaloharakisha hali hii ni kumwagilia kidogokidogo, kopo moja asubuhi, kopo moja jioni. Maji hayafiki chini, kwa hiyo chumvi haitoki. Kama huna maji mengine ila ya chumvi, mwagilia mara chache lakini mengi, mpaka yachuruzike kwenye matundu ya chini. Yanayochuruzika yanaondoka na chumvi ya jana.

Kusafisha ndoo iliyokwisha kujaa chumvi: ndoo ya lita 20 inahitaji kama lita 40 za maji yasiyo na chumvi, yamwagwe polepole, kwa awamu, siku moja. Maji hayo yanaondoka na chakula cha mmea pia, kwa hiyo wiki inayofuata weka mboji. Wakati wa masika kazi hii haigharimu kitu: zitoe ndoo chini ya upenu, ziache zinyeshewe.

Na mvua ikingwe. Bati la mita mraba 10 tu likipata mvua ya milimita 10 linatoa karibu lita 100. Acha maji ya dakika za mwanzo yapite, yana vumbi na kinyesi cha ndege, kisha yaelekeze kwenye pipa lenye mfuniko. Mimi maji ya mvua nayatunzia miche michanga, kwa sababu mche mchanga ndio usiovumilia chumvi hata kidogo. Mkubwa nauchanganyia nusu kwa nusu.

Mengine ni kuchagua mboga. Spinachi, ile yenye bua pana jeupe, inavumilia chumvi kuliko nyingi, na mchicha unaifuata. Maharage, karoti na vitunguu ndivyo vinavyoshindwa mapema. Majivu kwenye ndoo yenye chumvi usiweke kabisa. Nayo yana chumvi zake.

Neno moja kuhusu maji ya jikoni. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda ni mazuri, yamwage kwenye ndoo bila hofu. Maji ya kufulia kwa sabuni ya unga sishauri: sabuni nyingi za unga zina sodiamu, na sodiamu ndiyo hiyohiyo tunayoikimbia.

Majani yamekuwa ya manjano

Usiulize tu kama ni ya manjano. Uliza ni majani yapi.

Kama ni ya chini, yale ya zamani, na unjano umeenea jani zima sawasawa huku mmea wote ukiwa wa kijani kilichopauka, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mmea unanyonya kutoka majani ya zamani kulisha machanga. Sababu iko wazi ukikumbuka mara ya mwisho ulipoweka samadi. Lakini kuna sababu moja iliyojificha: maranda ya fundi seremala. Watu wanachanganya maranda mabichi au makapi mabichi ya mpunga ili udongo uwe mwepesi, na vijidudu vinavyoozesha hayo maranda vinakula naitrojeni yote, mmea unaachwa hauna kitu. Maranda yaozeshwe kwanza pamoja na samadi, au yatandazwe juu tu kuzuia jua.

Tiba ni maji ya samadi. Kopo la kilo moja la samadi ya kuku iliyooza kwenye lita 10 za maji, loweka siku tatu nne, kisha zimua mpaka rangi ifanane na chai ya rangi nyepesi. Mwaga kwenye udongo, usimwagie majani, hasa ya mboga utakayokula mbichi. Baada ya wiki moja majani mapya yatoke na kijani chake. Yale yaliyokwisha kugeuka manjano hayarudi, yachume.

Nimeandika "iliyooza" kwa makusudi. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi. Ipumzike isipungue mwezi mmoja na nusu, ikiwa na unyevu na kugeuzwa. Iliyo tayari haina joto ndani, haina harufu kali, na ukiishika ni kama udongo.

Kama ni majani machanga ya juu ndiyo ya manjano, na mishipa imebaki ya kijani kama ramani, mmea umekosa chuma. Mara nyingi chuma kipo kwenye udongo ila kimefungwa kwa sababu ya majivu mengi. Majivu ni dawa ya kila kitu mitaani kwetu, yanamwagwa kila wiki, na udongo unageuka kuwa kama wa chokaa. Acha majivu, ongeza mboji, subiri.

Kama ni ya manjano yote, na ukizamisha kidole udongo ni tope lenye harufu ya mtaro, mizizi imekosa hewa. Angalia matundu ya chini. Ndoo ya lita 20 inataka matundu sita hivi, kila moja linapitisha kidole kidogo, na ndoo isimamishwe juu ya vipande vya tofali ili matundu yasizibwe na sakafu.

Hapa kuna jambo tulilofundishwa wote ambalo nimeliacha: kuweka kokoto chini ya ndoo ili maji yatoke. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ilaze bapa kwenye kiganja mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Inadondosha tena. Maji yale yale, sponji ile ile. Kilichobadilika ni kimo. Udongo unafanya hivyohivyo: sehemu ya chini huwa inashikilia maji, na kimo cha udongo kikiwa kikubwa, sehemu kubwa ya juu inabaki na hewa. Kokoto zinapunguza kimo cha udongo, kwa hiyo tope linapanda karibu zaidi na mizizi. Jaza udongo mpaka chini. Kwenye tundu weka kipande cha chandarua chakavu ili udongo usitoke.

Mmea umenyauka na udongo una maji

Kwanza angalia saa. Bilinganya au boga likilegea saa saba mchana na kusimama tena jioni, haliumwi, linajihami na jua. Ndoo nyeusi huzidisha: ukiigusa mchana inachoma, na mizizi iliyo karibu na ukuta wa ndoo inapikwa. Izungushie sandarusi jeupe au ipange ndoo ya matembele mbele yake ipate kivuli.

Usiposimama jioni, na asubuhi umelala vilevile, majani yakiwa bado ya kijani, hapo pana ugonjwa. Nyanya iliyokuwa na maua jana inaanguka leo kama imemwagiwa maji ya moto. Usimwagilie, usipulize. Fanya kipimo hiki.

Kata shina karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole. Kifute. Chukua glasi ya kioo yenye maji safi, kishike kipande kwa kibanio cha nguo ili ncha iliyokatwa iguse maji, usitikise, weka glasi mbele ya kitu cheusi. Subiri dakika chache. Kama ni mnyauko wa bakteria, utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina, mwembamba, unapinda taratibu kuelekea chini kama moshi uliogeuzwa. Mara ya kwanza nilipouona nilikaa chini. Nilikuwa nimepoteza nyanya tisa kwa kuzimwagilia zaidi na zaidi, na kopo nililotumia nilikuwa nalitumbukiza kwenye ndoo moja baada ya nyingine.

Mnyauko wa bakteria hauna dawa ya kuuponya mmea. Ng'oa pamoja na udongo wake. Usiutupe kwenye mboji. Osha kisu na mikono kwa sabuni, kisha kisu kipitishe kwenye maji ya klorini. Unashambulia jamii ya nyanya: nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, hata viazi mviringo. Hao wote wasirudi kwenye udongo ule.

Kama hakuna uzi, pasua shina kwa urefu. Ukikuta mistari ya kahawia ndani na majani yalianza na manjano upande mmoja, huo ni mnyauko wa fangasi. Nao hauponi, lakini kuna mbegu zinazouhimili. Nyanya ya Tengeru 97, iliyotolewa mwaka 1997, inahimili mnyauko huo wa fangasi aina ya fuzari pamoja na minyoo fundo. Si nyanya ya kupendeza kwa macho kama za sasa, ila kwa udongo uliochoka wa mjini naipenda.

Minyoo fundo ndiyo inayofuata. Mmea unadumaa, unalegea mchana, unakuwa wa manjano kidogo, na hakuna kinachosaidia. Ng'oa mmoja, osha mzizi kwenye karai. Mizizi imevimba vifundo kama ushanga uliotungwa vibaya. Tafadhali usichanganye na maharage au kunde: kwenye jamii hiyo vinundu ni vya heri, vinatengeneza naitrojeni. Namna ya kutofautisha ni kukwaruza kwa ukucha. Kinundu cha kunde kinabanduka, na ndani kina wekundu hafifu. Kifundo cha minyoo hakibanduki, ni mzizi wenyewe uliovimba.

Udongo wenye minyoo unaweza kuuokoa kwa jua. Januari na Februari, uloweshe, uujaze kwenye mfuko wa nailoni angavu, uulaze ukiwa mwembamba juu ya sakafu ya saruji wiki nne hadi sita. Joto linaua minyoo na mbegu za magugu pia.

Miche inaanguka ikiwa midogo

Iangalie ilipokatikia. Kama shina limenywea na kuwa jembamba kama uzi pale linapokutana na udongo, na miche inaanguka kwa kundi, ni kinyausi. Mbegu zilimwagwa nyingi mno, udongo haukauki juu, hewa haipiti. Iliyoanguka imekwenda. Iliyobaki ipunguze, mwagilia asubuhi tu, isogeze kwenye jua.

Kama imekatwa wazi kama kwa mkasi, na kipande kimelala pembeni kikiwa kizima, ni sota. Fukua kwa kidole kuzunguka shina, kina cha pingili moja. Utamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja kama herufi C. Mwue, halafu miche iliyobaki ivalishe kola: kipande cha bomba la karatasi ya chooni, nusu ndani ya udongo, nusu juu.

Majani yamejikunja

Geuza jani. Yaliyopo chini yake ndiyo jibu.

Vidukari, ambao wengi tunawaita wadudu mafuta, wanakaa kwa kundi kwenye ncha changa, na jani linanata. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina la pilipili kwa mstari, wanachunga vidukari. Wanakunywa ule utamu na wanafukuza wadudu wanaowala. Kumaliza vidukari bila kuzuia sisimizi ni kazi ya kurudia. Simamisha miguu ya meza ya ndoo kwenye vikopo vya maji yenye tone la sabuni, na majani yasiguse ukuta.

Vidukari wenyewe wanaondoka kwa maji. Shika tawi kwa mkono mmoja, mwagia maji kwa nguvu chini ya jani, siku tatu mfululizo. Wakibaki, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, puliza jioni, jaribu jani moja kwanza na usubiri siku moja. Sabuni inafanya kazi ikimgusa mdudu tu. Ikikauka haina nguvu.

Muarobaini nao unafaa, ila wengi tunautumia vibaya. Nguvu kubwa iko kwenye kokwa kuliko kwenye majani. Gramu 50 za kokwa kavu zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, zilale usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, weka tone la sabuni, puliza siku hiyohiyo baada ya jua kupungua, maana mwanga wa jua unaiharibu. Usitegemee kuona wadudu wameanguka asubuhi. Muarobaini unawazuia kula na kukua, kwa hiyo mpe siku kadhaa.

Vumbi jeupe linaloruka ukigusa mmea ni inzi weupe. Wenyewe hawaniogopeshi, naogopa virusi wanavyobeba. Nyanya ikiwa na majani madogo, yaliyokunjamana na kusimama juu, kingo za manjano, ndiyo wakulima wanaita rasta. Haiponi. Ng'oa siku hiyo hiyo, hata kama ina maua na moyo unauma, kwa sababu kila inzi anayetoka pale anakwenda ndoo ya pili. Kinga ni kufunika miche tangu kitaluni. Chandarua cha kitandani kinazuia nondo na vipepeo lakini inzi weupe wanapenya matundu yake. Tumia kitambaa cha pazia jepesi, kisha funua maua yakianza.

Vitone vyeupe vingi kama jani limechomwa sindano, na utando mwembamba chini yake, ni utitiri mwekundu. Anapenda ukavu na joto. Loweka chini ya majani kila asubuhi kwa wiki moja.

Nyanya ina maua, haina nyanya

Kwa Dar, tatizo mara nyingi ni mwezi. Nyanya inashindwa kushika tunda usiku ukiwa wa joto, na kuanzia Desemba hadi Machi usiku wetu haupoi vya kutosha. Maua yanatoka, yanadondoka, unalaumu mbegu. Panga hesabu ili maua yatoke Juni hadi Agosti: kitalu mwishoni mwa Aprili, kwenye ndoo mwishoni mwa Mei. Miezi ya joto mwachie bamia, matembele na mchicha, hao jua ni lao. Ukiwa kwenye kibaraza cha ghorofani, tikisa mashada ya maua asubuhi, upepo na nyuki huenda hawakufikii.

Tunda limeshika lakini kitako chake ni cheusi na kimebonyea: hicho si kidudu wala ukungu. Ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na kwenye ndoo sababu kuu ni maji ya leo mengi kesho hakuna. Maganda ya mayai yanachukua muda mrefu sana kuoza, hayataokoa nyanya za mwezi huu. Nyanya iliyokomaa kwenye ndoo inataka lita moja hadi mbili kila siku ya jua, saa ileile, na nyasi kavu juu ya udongo. Maji ya chumvi yanazidisha tatizo hili.

Majani yana madirisha, yaani viraka vinavyopitisha mwanga vikiwa na vinyesi vyeusi ndani, na tunda lina tundu dogo karibu na kikonyo: huyo ni kantangaze. Asili yake ni Amerika Kusini, hapa Tanzania aligundulika mwaka 2014, na tangu hapo amewafilisi wakulima wengi wa nyanya. Dawa nyingi amezizoea. Mwenye ndoo kumi ana nafasi ambayo mwenye ekari kumi hana: kupita kila asubuhi, kuchuma kila jani lenye dirisha, kulifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuuacha juani siku nzima. Fanya hivyo tangu jani la kwanza. Ukisubiri yawe ishirini, umechelewa.

Mengine kwa haraka

Mchicha kutoa mbegu ukiwa mfupi: umebanana, una njaa au umekosa maji. Panda upya kwa nafasi, na vuna mapema, wiki ya tatu au ya nne.

Mashimo makubwa na utelezi unaong'aa asubuhi: konokono. Yule mkubwa ni mwenyeji wa pwani hii ya Afrika Mashariki, na masika ndiyo sikukuu yake. Mwokote usiku kwa tochi ukiwa umevaa glovu au mfuko mkononi, maana anaweza kubeba vimelea, na osha mboga vizuri.

Mbu wameongezeka tangu uanze bustani: hili lichukulie kwa uzito kuliko jani lolote. Dar imepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama kwenye visahani, matairi na mapipa. Yai linafika mbu kamili kwa siku saba hadi kumi. Mwaga visahani, na vile vikopo vya sisimizi, mara mbili kwa wiki na uvisugue ukuta wa ndani, maana mayai yanang'ang'ania pale. Pipa la mvua lifunikwe kwa chandarua kilichokazwa kwa kamba.

Udongo wa zamani

Msimu ukiisha usiumwage. Umwage kwenye sandarusi, toa mizizi, ichunguze kwa vile vifundo. Ikiwa misafi, changanya debe mbili za udongo huo na debe moja ya mboji iliyoiva, uache ukiwa na unyevu wiki mbili, upande jamii nyingine: palipokuwa na nyanya weka chainizi, palipokuwa na chainizi weka kunde.

Ndoo iliyotoa uzi wa maziwa kwenye glasi itie alama isiyofutika, kwa sababu mwaka ukipita utasahau. Yangu nimeikwaruza X kwa msumari karibu na mpini. Niliisugua kwa maji ya klorini, nikaweka udongo mwingine kabisa, na mwaka huu ina vitunguu vya majani.